Kabati la Idara Nyingine

Mimi ndimi mwenye funguo.
Miaka kumi na tisa zimening'inia kiunoni
hadi suruali zangu zote zimeinamia upande.
Karatasi, wino, bahasha, balbu, sabuni ya sakafu,
kila kinachonunuliwa na serikali ya mkoa wa Paysandú
hupita mikononi mwangu kwanza, ndipo kipotee.

Mali bila daftari, wanasema, hupotea bila habari.
Sisi tulikuwa na madaftari matatu.
Yetu ilipotea kwa habari kamili, kwa mhuri na sahihi:
nakala yangu, nakala ya mhasibu, nakala ya panya.

Julai, baridi inatafuna vidole,
akaingia Nélida Etchegaray, afisa ununuzi mpya,
penseli sikioni, themosi kwapani,
kibuyu cha mate mkononi
(msinicheke, ndivyo tunavyoiita chai yetu).
Hakuuliza bajeti. Aliuliza ngazi.
Akapanda hadi rafu ya juu, akaanza kuhesabu kwa sauti:
wino, makasha arobaini na moja,
ya mashine tuliyoizika mwaka juzi.
Faksi mbili, bikira, ndani ya plastiki.
Vikombe vya kutupa, elfu tisa.
"Vya sherehe gani, Wilmar?"
Ya Jumanne, nikasema. Na ya Jumatano.

Sikumwambia habari ya Desemba.
Desemba tunanunua kwa hofu,
maana bajeti isiyoliwa hukatwa,
nasi huila hata tukiwa tumeshiba,
tunakula hadi tunatapika rula.

Kwao ni Piedras Coloradas, kwenye mikaratusi,
mistari kwa mistari, kama gwaride lisilo na mgeni rasmi.
Kamba ya kisima cha baba yake imeongezwa mara nne.
Hilo alilisema mara moja tu, akifyonza mate yake,
nami nilikuwa nachapisha ratiba ya mpira,
upande mmoja, nakala kumi na tano.
Nikazitazama.
Nikazigeuza.

Zabuni ilifunguliwa Agosti.
Carámbula wa Montevideo, mwenye viatu vinavyolia,
alileta bei ya chini, kama kawaida, na keki.
Nélida akauliza: na kuizika ni bei gani?
"Kuzika nini?"
Mashine. Wino wake. Umeme itakaokunywa kabla ya kufa.
Mkurugenzi akasema fomu haina safu hiyo.
Safu ni nane. Zimekuwa nane tangu enzi za jeshi.
Akaitoa penseli sikioni, akaweka rula,
moja ya zile za Desemba,
akachora ya tisa.
Chumba kizima kilisikia risasi ikikwaruza karatasi.

Tusidanganyane, hakushinda yote.
Mkurugenzi alipata gari jipya la dizeli,
refu kama kiburi, la kwenda mita mia nne hadi benki.
Na karatasi ya sasa, ya kijivu, iliyowahi kuwa karatasi nyingine,
hukwama mashineni siku za mvua,
na wote huja kunitukana mimi.

Lakini ile korido ya ghorofa ya pili!
Taa zake ziliwaka usiku na mchana miaka kumi na mmoja
kwa kuwa swichi iko nyuma ya kabati,
na kabati ni mali ya idara nyingine,
na kulisogeza kunataka barua.
Nélida aliandika barua sita, mgongoni mwa barua za zamani.
Ijumaa moja, jibu halijaja,
tulilisukuma, yeye na mimi, bega kwa bega,
funguo zangu zikipiga kelele kama mashahidi.

Nikabonyeza.

Usiku mlinzi, Eleuterio, alinipigia simu nyumbani,
ananong'ona: Wilmar, njoo, jengo limekufa.
Nikamwambia, toka nje, tazama juu ya paa. Kuna nini?
Akanyamaza kitambo.
Nyota, akasema.
Niziandike daftari lipi?